Ngozi kwanza, Rungwe baadaye: mwongozo wa kupanda volkano za Mbeya

Ukitaka kusimama juu ya volkano uitazame nchi pande zote, si lazima uende Kilimanjaro wala ulipe gharama za Kilimanjaro. Toka Mbeya mjini, kata kona Uyole kuelekea Tukuyu, na kabla ya saa mbili kwisha utakuwa umefika chini ya milima miwili ambayo Watanzania wengi huipita madirishani wakienda Kyela au mpakani Kasumulu. Wa kwanza ni Ngozi, uliobeba ziwa tumboni. Wa pili ni Rungwe, wenye urefu wa karibu mita 2,960 kutoka usawa wa bahari. Ushauri wangu ni uipande kwa mpangilio huo. Na jambo moja nitalirudia bila kuchoka: mandhari ya huku haimsubiri anayechelewa kuamka, wala haimshibishi asiyejua anachokitazama.

Basi tuanze na hilo la kujua.

Watu wengi husema hizi ni volkano zilizokufa. Wanajiolojia wanaona zimelala tu. Rungwe ulilipuka kwa nguvu kubwa miaka kama 4,000 iliyopita, ukamwaga mawe mepesi yenye vitundu eneo kubwa la nchi hii. Mawe hayo bado yapo. Unapokaribia Tukuyu, tazama kingo za barabara zilizochongwa na utaona tabaka la changarawe za kijivu na njano katikati ya udongo mwekundu. Okota moja uitupe kwenye ndoo ya maji, itaelea. Ngozi ulilipuka kwa mara ya mwisho yapata karne ya 15, na Kiejo, mlima mdogo ulioko kusini mashariki mwa Rungwe, ulitoa lava takriban mwaka 1800. Kwa umri wa milima, hiyo ni jana.

Sababu ya moto huu wote iko chini ya miguu yako. Hapa ndipo yanapokutana matawi matatu ya Bonde la Ufa: moja linatoka Rukwa upande wa kaskazini magharibi, jingine linashuka Ziwa Nyasa upande wa kusini, na la tatu linaelekea tambarare za Usangu. Ardhi inavutwa pande tatu, inapasuka, na kilichoko chini kinapata njia ya kutokea. Disemba 1910 tetemeko la ukubwa wa takriban 7.4 liliitikisa Rukwa, na ni miongoni mwa makubwa kuliko yote yaliyowahi kupimwa Afrika Mashariki. Leo Kampuni ya Uendelezaji Jotoardhi Tanzania, TGDC, inatafuta umeme katika joto lililoko chini ya Ngozi na Kiejo, na kijijini Ikama gesi ya kabonidayoksaidi inayotoka ardhini yenyewe huvunwa kiwandani.

Gesi hiyo ni jambo la usalama pia, nami nataka ulizingatie. Ni nzito kuliko hewa, haina rangi, na hutuama kwenye vishimo na mabonde madogo, hasa alfajiri kabla upepo haujaamka. Ukiona mahali pa chini ambapo majani yamekauka bila sababu, au wadudu na ndege wamekufa wakiwa pamoja, usishuke wala usimwache mtoto ashuke. Wenyeji wanavijua vishimo hivyo. Ukiambiwa "hapo hapapitwi", usibishane.

Sasa wakati wa kwenda. Wilaya ya Rungwe ni miongoni mwa sehemu zenye mvua nyingi kuliko zote Tanzania; zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka ni kawaida kuzunguka Tukuyu. Mvua huanza Novemba na huweza kufika Mei. Miezi hiyo njia za msituni hugeuka utelezi mtupu, na utafika kileleni ukutane na ukungu mweupe, hata mkono wako usiuone vizuri. Miezi ya kupanda ni Juni hadi Oktoba. Juni na Julai anga huwa safi lakini baridi ni kali kweli, baridi ya kukufanya ulale na soksi. Septemba na mwanzoni mwa Oktoba kuna joto kidogo, ila moshi wa mashamba yanayochomwa huweka utando angani na kukunyima Ziwa Nyasa. Mimi ningechagua Juni mwishoni au Julai, nivumilie baridi.

Kama likizo yako iko Januari au Februari na huwezi kuibadilisha, usilazimishe Rungwe. Nenda Kitulo. Uwanda ule wa juu, uliotangazwa kuwa hifadhi ya taifa mwaka 2005 kwa sababu ya maua yake, uko kwenye mita 2,600 hivi, na maua hayo huchanua kipindi cha mvua. Sehemu kubwa ya udongo wake ni majivu ya volkano hizihizi.

Wanaotoka Dar es Salaam kwa gari wana zaidi ya kilomita 800 hadi Mbeya. Usizimalize kwa siku moja kisha ukapande mlima kesho yake. Lala Iringa. Mji ule uko kwenye mita 1,600 hivi, na usiku mmoja pale unaupa mwili nafasi ya kuzoea hewa nyepesi. Iringa haina volkano. Miamba yake ni ya kale mno kuliko lava ya Rungwe, ila inafaa sana kuamshia miguu. Jioni, panda jiwe la Gangilonga juu ya mji. Ni mwendo mfupi usiohitaji maandalizi, na utauona mji wote na bonde la Ruaha Mdogo. Wahehe wanasimulia kwamba chifu wao Mkwawa alikuwa akifika pale kutafakari. Asubuhi, ukishatoka mjini kuelekea Mbeya, simama Isimila, kilomita 20 hivi tu, uone nguzo za udongo zilizochongwa na maji na zana za mawe za watu wa kale. Baada ya hapo ni Mafinga, Makambako, Igawa, Chimala, hadi Uyole.

Wasiokuwa na gari wanaweza kuja kwa treni ya TAZARA, au kwa ndege hadi uwanja wa Songwe. Kutoka Mbeya mjini, Kosta za Tukuyu na Kyela hupatikana stendi ya Nane Nane. Mwambie kondakta mapema mahali unaposhuka, maana kwenye mteremko ule dereva hapendi kusimamishwa ghafla.

Kabla hujaondoka mjini, pita Mwanjelwa kwenye mitumba. Utapata koti la kuzuia mvua, sweta nzito na viatu vyenye soli ya meno kwa bei isiyouma. Raba laini za mjini ziache hotelini. Wenyeji wengi hupanda na mabuti ya mpira, na kwa njia zenye matope wana hoja. Ongeza jozi ya pili ya soksi na fulana kavu ndani ya mfuko wa plastiki, kwa sababu kileleni ukiwa umelowa jasho na upepo ukakupiga, baridi itakuingia haraka kuliko unavyodhani. Chukua maji lita mbili hadi tatu kwa kila mtu, tochi hata kama unategemea kurudi mchana, na chakula cha kushika mkononi: ndizi mbivu, mayai ya kuchemsha, viazi, karanga. Parachichi za Rungwe zinashibisha na hazihitaji sifa yangu.

Ngozi

Ngozi uko kwenye safu ya Uporoto, karibu na Isongole, kabla ya kufika Tukuyu. Ukishuka barabara kuu, kuna kilomita kadhaa za barabara ya vumbi katikati ya mashamba ya viazi hadi ukingo wa msitu. Bodaboda watakupeleka, na mpatane kabisa kama atakusubiri au atarudi kukuchukua. Kama unaziweza kilomita hizo kwa miguu asubuhi, zitembee. Ni nchi ya Wasafwa, na watu wanakusalimu kwa kusimama.

Ndani ya msitu kupanda ni saa moja hadi mbili, kutegemea pumzi yako. Mwanzo ni mpole, unapita chini ya miti mikubwa iliyovaa ndevu za kuvu, kisha njia inasimama wima. Kipande cha mwisho utatumia mikono, ukishika mizizi. Angalia unachoshika, kwa sababu kuna majani yanayowasha yanayopenda kuota palepale mkono unapotua. Siafu nao hukatiza njia baada ya mvua; wavuke kwa haraka bila kusimama kupiga picha.

Halafu msitu unakwisha ghafla na uko ukingoni. Usiharakishe hatua ya mwisho, maana ukingo ni mwembamba na mbele yako ni ukuta wa mamia ya mita unaoshuka hadi majini. Ziwa lina urefu wa kilomita kama mbili na nusu na upana wa moja na nusu, limezungukwa na msitu pande zote, na halina mto unaotoka. Hutajwa kuwa la pili kwa ukubwa barani Afrika kati ya maziwa yaliyo ndani ya kreta za volkano. Rangi yake hubadilika na mwanga: kijani kizito wingu likipita, samawati jua likirudi. Ndiyo maana nakuambia kaa. Wengi hufika, hupiga picha tano, hugeuka. Kaa walau saa nzima, maana mawingu huku huingia na kutoka, na ziwa lililofichika saa tatu asubuhi laweza kuwa wazi saa tatu na nusu.

Utashawishika kushuka hadi majini. Ushauri wangu ni usishuke. Njia ni ya kuteleza, mteremko ni mkali kupita kiasi, na ukiumia kule chini kukutoa ni kazi ya siku nzima. Kama ni lazima, iwe kiangazi, na uwe na mwongozaji anayeijua njia hiyo na kamba.

Kuna jambo jingine la kuheshimu. Wapo wenyeji wanaopanda Ngozi kwa tambiko, na hadithi za nguvu za ziwa hili utazisikia tangu kwenye bodaboda. Si lazima uziamini. Lakini usirushe mawe majini, usipige kelele ukingoni, na ukiambiwa sehemu fulani si ya kupigwa picha, weka simu mfukoni.

Rungwe

Ngozi ni matembezi ya nusu siku. Rungwe ni siku nzima, saa nane hadi kumi kwenda na kurudi, na haufai kuanzwa saa nne asubuhi. Lala Tukuyu. Mji wenyewe umejengwa juu ya kilima cha volkano, Wajerumani waliuita Neu Langenburg, na hewa yake ya usiku itakupa usingizi mzuri. Kula ushibe: ndizi za kupikwa, maharage, maziwa. Lala saa tatu usiku.

Njia ni zaidi ya moja. Mbili zinazotumika sana ni ile ya upande wa Rungwe Misheni, palipo na kituo cha Wamoravian kilichoanzishwa mwaka 1891, na ile ya kaskazini kutokea Isongole, inayopita eneo la mianzi. Njia ya misheni ni ya moja kwa moja na ni kali. Ya Isongole ni ndefu lakini ina msitu mzuri zaidi. Kwa mtu anayepanda mara ya kwanza, mwongozaji ndiye aamue kulingana na hali ya njia mwaka huo, kwa sababu miti huanguka na mianzi hufunga njia.

Uwe kwenye ukingo wa msitu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Panda kwa mwendo ambao bado unaweza kuzungumza. Anayetoka pwani ataona moyo unakwenda mbio na huenda kichwa kikauma kidogo. Apunguze mwendo, anywe maji. Kichwa kikizidi, na kichefuchefu kikafuata, ashuke, na asibembelezwe kuendelea. Pangeni pia saa ya kugeuka kabla hamjaanza, na iwe saa saba mchana. Popote mtakapokuwa saa saba, geukeni. Jua huku huzama yapata saa kumi na mbili na nusu, ila ndani ya msitu giza huwahi, na kushuka mizizi ile kwa tochi moja ya simu ni kutafuta kuvunjika mguu.

Msituni nyamaza. Rungwe una mnyama ambaye dunia ya sayansi ilikuwa haimjui hadi juzi. Wawindaji wa Kinyakyusa walikuwa wakimtaja nyani waliyemwita kipunji, na watafiti wengi wakadhani ni hadithi. Mwaka 2003 timu ya Tim Davenport wa shirika la Wildlife Conservation Society ilimthibitisha hapa Rungwe, na mwaka uliofuata watafiti wengine, bila kujua habari ya hawa, wakamwona katika msitu wa Ndundulu, Udzungwa, upande wa Iringa. Alitangazwa rasmi mwaka 2005, na mwaka 2006 akapewa jenasi yake mwenyewe, Rungwecebus, yenye jina la mlima huu. Hesabu iliyochapishwa mwaka 2008 ilikadiria kwamba wako 1,100 hivi tu duniani, wote Tanzania. Ana manyoya marefu ya kahawia, kishungi kilichosimama utosini, na mlio wa kubweka kutokea kooni. Hutamwona kila siku. Mbega weusi kwa weupe ndio utakaokutana nao kirahisi zaidi. Lakini ukisikia matawi yakitikisika juu, simama, zima simu, subiri.

Juu ya msitu kuna nyasi na vichaka, upepo, na hatimaye ukingo. Kilele cha Rungwe si ncha. Upande wa kusini magharibi wa mlima uliporomoka zamani, na kilichobaki ni ukingo wa nusu duara unaozunguka shimo lililojaa vilima na msitu. Tembea juu yake kwa tahadhari, chagua mahali pasipo na upepo, kaa.

Sasa tazama. Geukia kusini: chini ni Tukuyu na migomba na chai, mbele yake tambarare ya Kyela, na baada ya hapo Ziwa Nyasa, mstari unaong'aa kama bati jipya kama hakuna moshi. Huo ndio ufa wa kwanza. Kusini mashariki, vilima vidogo vyenye migongo ya duara ni Kiejo na watoto wake. Mashariki ukuta mrefu wa bluu ni Uwanda wa Kitulo na milima ya Livingstone. Kaskazini ni Uporoto, na katika mgongo wake utakisia mahali Ngozi ulipo. Nyuma yake ardhi inashuka kuelekea Usangu, ufa wa pili, kwenye mashamba ya mpunga wa Mbarali. Kaskazini magharibi, milima iliyosimama nyuma ya jiji ni safu ya Mbeya, yenye Kilele cha Mbeya na Loleza. Hiyo si volkano. Ni mwamba wa kale ulioinuliwa nchi ilipopasuka. Nyuma yake ndiko Rukwa, ufa wa tatu. Mtu aliyesimama Rungwe siku ya anga safi anaona kwa macho yake sababu ya mlima alioupanda kuwepo, na sijui mahali pengine Tanzania ambapo jambo hilo liko wazi namna hii.

Ukiwa na nguvu siku ya pili, usirudi Mbeya moja kwa moja. Nenda Daraja la Mungu upande wa Kiwira, lava iliyoganda ikaacha mto upite chini yake, na Kijungu, pale mto huohuo unapoingia kwenye shimo la mwamba na kupotea kwa muda. Kijungu kiko ndani ya eneo la chuo cha Magereza, kwa hiyo jitambulishe getini na uulize mahali unaporuhusiwa kupiga picha.

Kibali, fedha na adabu

Misitu hii ni ya hifadhi, chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS. Hupandi bila kibali. Chukua kitambulisho cha taifa, maana raia hulipa kiingilio kidogo kuliko mgeni wa nje, na malipo hufanywa kwa namba ya malipo ya serikali kupitia simu au benki, si kwa kumpa mtu noti njiani. Dai risiti. Ujira wa mwongozaji ni jambo tofauti. Patana naye kabla, kwa uwazi, na ujue kama chakula chake ni juu yako au juu yake. Ukipunguza bei ya kijana wa Isongole kwa elfu tano baada ya kutumia laki kwa hoteli, hujaokoa kitu.

Salimia. Kwa Wanyakyusa, "ugonile" asubuhi hufungua milango, na "ndaga fijo", yaani asante sana, wakati wa kuondoka hufanya ukumbukwe kwa wema. Chupa ulizopanda nazo shuka nazo, pamoja na maganda ya pipi. Usiwashe moto msituni kwa sababu yoyote, hata ya baridi, kwani Agosti nyasi za juu huwaka kwa cheche moja, na chini yake ndiko zinakoanzia chemchemi za mito inayonywesha Rungwe na Kyela na kuishia Ziwa Nyasa.

Mpigie simu mwongozaji au ofisi ya misitu Tukuyu walau wiki moja kabla, uliza hali ya njia, na taja idadi yenu na umri wa watoto kama wapo. Watoto wa miaka kumi na kuendelea wanaumudu Ngozi vizuri. Rungwe waachie wakue kidogo. Kama una siku moja tu, nenda Ngozi. Kama una tatu, panda yote miwili, na siku ya kati pumzika Tukuyu.